Sarafu za Fedha Zilizovunja Rekodi

Sarafu ya fedha iliyopata bei kubwa kuliko zote mnadani ni ya kundi lililochapwa kwa siku moja, tarehe 15 Oktoba 1794, mjini Philadelphia. Marekani ilikuwa taifa changa, sokoni bado inatumia dola za Kihispania, na mashine waliyokuwa nayo mafundi wake haikuwa na nguvu ya kutosha kwa sarafu pana namna ile. Hata hivyo walitoa dola 1,758. Leo zinakadiriwa kubaki kati ya 120 na 150. Moja yao, iliyotunzika kuliko zote, iliuzwa Januari 2013 mjini New York kwa dola 10,016,875, ikawa sarafu ya kwanza duniani kuvuka dola milioni 10 kwenye mnada.

Ukiitazama kwa karibu, katikati yake kuna kipande kidogo cha fedha kilichopachikwa ili kuongeza uzito. Usoni kuna mikwaruzo ya tupa, ambayo ilitumika kupunguza uzito uliozidi. Wakusanyaji wengi huona mikwaruzo kuwa dosari. Kwangu mimi hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu inaonyesha fundi aliyejua kwamba mfanyabiashara ataiweka sarafu yake kwenye mizani kabla ya kuipokea.

Siku hizi viwanda vya sarafu hushindana kutoa kubwa zaidi, safi zaidi, chache zaidi. Rekodi hizo nitazitaja, maana mkusanyaji anazihitaji. Lakini nafasi kubwa nimeiacha kwa sarafu zilizovunja rekodi zikiwa kazini: zilizolipa mishahara, zilizovuka bahari, zilizobeba heshima ya dola moja kwenda kwa nyingine. Hizo hakuna kiwanda kinachoweza kuzipanga.

Zawadi ya Sayyid Said

Wamarekani wana sarafu wanayoiita mfalme wa sarafu zao, dola ya 1804. Inajulikana kuwa zipo 16 tu, na hakuna hata moja kati yake iliyochapwa mwaka 1804. Nane za kwanza zilitengenezwa miaka ya 1830, na sababu yake inatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alifika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820 na kukutana na Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Muscat na Zanzibar. Walizungumza biashara. Roberts aliporudi kwao aliishawishi serikali yake kwamba mkataba na mtawala huyu ungewafaa. Alitumwa kama mjumbe, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Muscat. Baadaye Rais Andrew Jackson akamrudisha na hati zilizoridhiwa pamoja na zawadi, na miongoni mwa zawadi hizo kulikuwa na seti ya kila sarafu iliyokuwa ikitambulika Marekani wakati huo.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kumbukumbu za kiwanda zilionyesha kwamba dola za fedha zilichapwa kwa mara ya mwisho mwaka 1804. Kwa kweli dola zilizotoka mwaka huo zilikuwa na tarehe ya 1803, lakini maafisa hawakulitambua hilo. Wakachonga kalibu mpya zenye mwaka 1804, wakapata sarafu nzuri ajabu ambayo haikuwahi kuwepo. Mwaka 1835 seti moja ilikabidhiwa kwa Sayyid Said, na nyingine ikaenda kwa mfalme wa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand.

Mwanzoni mwa karne ya 20 dola ya Sayyid Said iliibuka mikononi mwa mkusanyaji mmoja wa Liverpool. Agosti 1999 iliuzwa kwa dola 4,140,000, rekodi ya dunia kwa sarafu yoyote wakati ule. Agosti 2021 iliuzwa tena, kwa dola milioni 7.68. Hakuna dola nyingine ya 1804 iliyowahi kufikia bei hiyo, na hakuna iliyohifadhika vizuri kama yake.

Mkataba nao ulizaa matunda. Mwaka 1837 Marekani ilifungua ubalozi mdogo Unguja, na kitambaa cha merikani kikaenea bara hadi maziwa makuu. Ukiulizwa ni sarafu gani ya fedha ilifanya kazi kubwa zaidi bila kununua hata kishada cha pilipili, taja hii.

Iliyochapwa miaka mingi kuliko zote kwa tarehe ile ile

Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki Novemba 1780. Sarafu yake kubwa ya fedha, thaler, iliendelea kuchapwa ikiwa na sura yake na mwaka huo huo wa 1780, na kiwanda cha Vienna kinaichapa hadi leo. Tarehe haijabadilika kwa zaidi ya miaka 240. Katika karne ya 20 ilichapwa pia Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay, zote zikiwa na mwaka 1780. Idadi yake kwa jumla ni mamia ya milioni.

Wazee wetu waliiita reale ya Sham. Iliyokuwa na picha ya nguzo mbili, ile ya Kihispania, waliiita reale ya mzinga, maana nguzo zile zilifanana na mizinga. Katika Unguja ya karne ya 19 hesabu za karafuu, pembe na mashamba ziliandikwa kwa reale. Msafara wa bara ulilipwa kwa nguo na shanga, lakini tajiri aliyeukopesha, akiwa barazani kwake Forodhani au Malindi, alihesabu deni kwa reale.

Kwa nini sura ya malkia wa Ulaya, tena marehemu, iaminiwe Aden, Massawa, Muscat na Unguja? Jibu ni uzito. Thaler ina gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo 833 ni fedha halisi. Zinakuwa gramu 23.39 za fedha safi. Kipimo hicho hakikubadilika. Wafalme wengine walipobanwa na vita walipunguza fedha wakaongeza shaba. Reale ya Sham ikabaki vile vile. Ukingo wake una maandishi na mapambo yanayofanya iwe vigumu kwa mjanja kuukwangua akajiwekea chembe za fedha.

Uhabeshi ndiko iliaminiwa zaidi. Watu walichunguza lulu za kipini kilicho begani mwa malkia, na sarafu ambayo lulu zake hazikuonekana vizuri ilikataliwa. Mfalme Menelik II alipotoa sarafu zake mwenyewe miaka ya 1890, nzuri na zenye fedha ya kutosha, wakulima wa kahawa bado waliulizia za malkia. Mwaka 1935 Mussolini wa Italia, akijiandaa kuivamia nchi hiyo, alihakikisha anapata kalibu kutoka Austria, maana alijua jeshi lake lisingepata chakula wala wabebaji bila sarafu hiyo. Uingereza ikajibu mwaka uliofuata kwa kuzichapa zake London. Mataifa makubwa ya Ulaya yaligombea haki ya kutengeneza sarafu ya malkia aliyekufa karne moja na nusu nyuma, na yote yalifanya hivyo kwa sababu mwanamke mwenye kikapu cha kahawa hakukubali kingine.

Hiyo kwangu ndiyo rekodi kubwa kuliko zote katika orodha hii, na haina bei. Reale ya Sham ya kawaida unaweza kuipata hata leo kwa kiasi kidogo juu ya thamani ya fedha iliyomo. Masonara wa Oman na Yemen waliyeyusha nyingi sana wakafua vikuku na mapambo ya majambia, hivyo baadhi ya reale za babu zetu bado zipo mikononi mwa maharusi, kwa umbo jingine.

Sayyid Barghash alijaribu kutoa riale yake mwenyewe ya fedha, yenye mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Ni sarafu ya kupendeza, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili bila sura ya mtu. Lakini wakati huo rupia ya India ilikwishateka soko, na riale ya Barghash ikaishia kuwa adimu. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki anayetaka sarafu moja tu ya kujivunia asiangalie mbali zaidi ya hapo.

Inayouzwa kwa wingi kuliko zote

Tuje kwenye sarafu za akiba, zile zinazouzwa kwa uzito wa madini yake pamoja na nyongeza ya kiwanda na muuzaji. Kipimo chake ni wakia ya madini, gramu 31.1.

Bingwa wa mauzo ni Tai wa Fedha wa Marekani, aliyetoka Novemba 1986. Mbele ana mwanamke wa Uhuru akitembea kuelekea jua linalochomoza, mchoro wa Adolph Weinman wa mwaka 1916, na sijaona sarafu ya akiba inayomzidi kwa uzuri. Mwaka wake mkubwa kuliko yote ulikuwa 2015. Bei ya fedha ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 15 kwa wakia, watu wakakimbilia kununua, na mwezi Julai kiwanda kililazimika kusimamisha mauzo kwa wiki kadhaa kwa kuishiwa. Mwaka ulipoisha zilikuwa zimeuzwa milioni 47. Hizo ni takriban tani 1,460 za fedha, nyingi kuliko fedha yote iliyochimbwa katika migodi ya Marekani mwaka ule.

Mwaka wake mdogo kuliko yote ulikuwa 1996: sarafu 3,603,386. Ndio unaotafutwa na wanaotaka kukamilisha mfululizo. Ajabu ya soko hili ni kwamba miaka ambayo watu hawakununua ndiyo inayopanda bei baadaye. Vivyo hivyo kwa Tai wa 1995 aliyeng'arishwa mahsusi kwa wakusanyaji na kupewa alama ya W ya West Point: wapo 30,125 tu. Alitolewa pamoja na seti ya sarafu za dhahabu, kwa hiyo wengi hawakumudu kumpata.

Mkongwe katika ukoo huu ni Meksiko. Kiwanda chake cha sarafu kilianzishwa mwaka 1535 na ndicho kikongwe kuliko vyote katika bara zima la Amerika. Mwaka 1949 kilitoa sarafu yenye picha ya mizani na ya mashine ya kale ya kuchapia, yenye wakia moja kamili ya fedha na bila thamani yoyote ya pesa iliyoandikwa. Kila kinachoitwa leo sarafu ya akiba ya fedha kina asili yake pale. Sarafu yake iitwayo Libertad ilifuata mwaka 1982, miaka minne kabla ya Tai.

Kwa usafi, Jani la Kanada, sarafu ya akiba ya nchi hiyo, lilitangulia: tangu 1988 lina fedha sehemu 9,999 katika 10,000. Lina pia dola 5 usoni, thamani kubwa ukilinganisha na dola 1 ya Tai. Udhaifu wake ni madoa meupe yanayojitokeza baada ya muda, kero iliyowafanya watengenezaji kuanza kuikinga sarafu hiyo mwaka 2018. Kwa ukubwa, Perth nchini Australia wamewahi kutoa sarafu za fedha za kilo 10, ambazo kazi yake pekee ni kukaa kwenye kabati.

Afrika ina wawakilishi wake. Tembo alianza kwenye sarafu za Zambia, na tangu 2004 anatoka kwa jina la Somalia akiwa na shilingi 100, ingawa huchapwa Bavaria, Ujerumani. Rwanda ilianza mwaka 2008 na sokwe. Zote mbili hubadilisha mchoro kila mwaka, na hilo huwafanya wanaozifuata wasipate usingizi mwaka mpya unapokaribia. Tanzania ilitangulia wote hao kwa wanyama: mwaka 1974, kwa ajili ya uhifadhi, ilitoa shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru, zote za fedha. Kifaru yule, ukikumbuka yaliyowapata vifaru weusi miaka iliyofuata, anauma moyo kumtazama.

Zilizozama chini kuliko zote

Novemba 1942 meli ya Uingereza City of Cairo, iliyotoka Bombay na kupitia Durban na Cape Town, ilipigwa na nyambizi ya Ujerumani katika Atlantiki ya Kusini. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao wakiwa kwenye mashua za kuokolea baada ya siku nyingi za kiu. Ndani ya meli kulikuwa na takriban tani 100 za rupia za fedha, mali ya hazina ya Uingereza. Ziliopolewa kutoka kina cha mita 5,150, na habari zikatangazwa mwaka 2015. Hakuna shehena ya meli iliyowahi kuopolewa kutoka kina kirefu hivyo hadi wakati ule. Rupia hizo ziliyeyushwa na kuuzwa. Ni hasara kubwa, kwa maoni yangu. Hata elfu chache tu zingebaki, zingewasimulia watu wengi yaliyotokea.

Meli nyingine, Gairsoppa, ilitoka Calcutta ikazama mwaka 1941 karibu na Ireland. Kati ya 2012 na 2013 vipande vyake vya fedha 2,792, takriban tani 110, vilitolewa kutoka kina cha mita 4,700, chini zaidi ya Titanic. Hapa kiwanda cha kifalme cha Uingereza kilifanya jambo la maana: sehemu ya fedha hiyo ilichapwa sarafu za Britannia za robo wakia, na jina la meli likaandikwa kwenye ukingo.

Karibu nasi zaidi ni John Barry. Agosti 1944 ilizamishwa mbali na pwani ya Oman ikiwa na riale milioni 3 za Saudia zilizochapwa Philadelphia, kwa sababu Saudia bado haikuwa na pesa za karatasi na vibarua walilipwa kwa fedha. Mwaka 1994 zaidi ya riale milioni moja zilinyanyuliwa kutoka kina cha mita 2,600. Nyingi bado zinapatikana kwa bei ya kawaida, na kwa mtu anayeanza kukusanya, sarafu iliyokaa miaka 50 katika Bahari ya Arabuni ni mwanzo mzuri kuliko sarafu iliyokaa kwenye plastiki tangu kuzaliwa.

Zilizoyeyushwa, na zilizoyeyusha mifuko

Mwaka 1918 hazina ya rupia nchini India ilikaribia kukauka. Watu walikuwa wakirudisha noti na kudai fedha, na vita ilikuwa bado inaendelea. Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Pittman, na dola za fedha 270,232,722 zikaingia tanuruni, sehemu kubwa kwa ajili ya India. Karibu nusu ya dola zote za fedha zilizokuwa zimechapwa Marekani hadi siku hiyo zilitoweka. Huo ndio uyeyushaji mkubwa kuliko wowote wa sarafu za fedha ninaoujua. Sheria iliamuru zirudishiwe nyingine, kwa hiyo mwaka 1921 pekee zilichapwa dola za Morgan zaidi ya milioni 86.

Na adimu kuliko zote ni ile isiyokuwepo. Mwaka 1965 kiwanda cha Denver kilichapa dola za Amani 316,076 zenye tarehe ya 1964, kisha zote zikaamriwa kuyeyushwa. Serikali ya Marekani haitambui umiliki wa hata moja.

Kwa bei ya madini yenyewe, kilele kilichokumbukwa muda mrefu kilikuwa Januari 1980. Ndugu wawili wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wamejilimbikizia fedha nyingi mno, na wakia ikapanda kutoka kama dola 6 hadi karibu 50 kwa mwaka mmoja. Watu walipanga foleni kuuza vijiko na birika za bibi zao. Tarehe 27 Machi 1980 wakia ilianguka hadi dola 10.80. Ilichukua hadi Oktoba 2025 kwa bei kuvuka dola 50 na kuendelea kupanda. Aliyenunua kileleni 1980 alingoja miaka 45 kuziona dola zake zile zile, huku thamani ya dola yenyewe ikishuka kila mwaka. Anayekuambia fedha haipotezi hajawahi kukaa na mtu huyo.

Yenye fedha kidogo kuliko zote

Peso ya Meksiko ya 1957 hadi 1967 ilikuwa na fedha asilimia 10 tu, tena katika nchi inayoongoza duniani leo kwa kuchimba madini hayo.

Yetu inaifuata kwa karibu. Fedha ilipopanda bei baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitafuta njia ya kuipunguza ndani ya pesa. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920 ilikuwa na nusu fedha. Shilingi iliyoipokea mwaka 1921, yenye simba aliyesimama mbele ya milima, ilibaki na robo tu: gramu 7.78 za uzito, fedha halisi chini ya gramu 2. Ndiyo iliyolipa kodi ya kichwa Uganda, Kenya, Tanganyika na baadaye Unguja, na ndiyo waliyopewa manamba kwenye mashamba ya mkonge.

Bado zimo kwenye makopo ya vifungo na masanduku ya nguo nyumbani kwa wazee. Mwenye mzee nyumbani na amwombe ruhusa akazitazame tarehe. Kuanzia 1921 hadi 1946 ni fedha, ingawa kwa rangi zimefifia na nyingine zimepata unjano. Usizisugue kwa jivu wala dawa ya meno, maana mnunuzi makini ataona mikwaruzo hiyo mara moja. Zenye mwaka 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli, ingawa simba ni yule yule.